Filamu za Intaneti na Watoto wa Vita

Siku hizi ni vigumu kuona paroki ambamo watu hawaonyeshani filamu za vita katika simu. Kijana anamkaribia padri ao katekista, simu mkononi, na kusema: «Utazame watoto hawa wenye bunduki. Tufanye nini? Tuwapelekee watu wote?» Ulizo hilo ni jema, kwani latoka katika moyo wenye huruma. Lakini lataka jibu la akili, si jibu la haraka.

Katika makala haya twataka kueleza namna gani kampeni za intaneti juu ya watoto askari zinavyofanyika, faida zake na hasara zake, na kazi inayotupasa sisi wenyewe. Tutatwaa mfano mmoja, ule wa mwaka 2012. Unajulikana katika ulimwengu wote. Tena vita iliyosemwa ndani yake ilikuwa imekwisha kuingia katika nchi yetu ya Kongo, pande za Uele.

I. Mambo yalivyotokea

Tarehe 5 Machi 2012, shirika moja la Marekani, jina lake Invisible Children, lilitoa katika intaneti filamu ya dakika 30 iitwayo Kony 2012. Shirika hilo lilitokana na vijana watatu wa California, waliofika Uganda ya Kaskazini na kamera yao mwaka 2003.

Katika filamu, Jason Russell aliyeitunga anamweleza mtoto wake mdogo kwamba yuko mtu mbaya anayeitwa Joseph Kony, mkubwa wa waasi wa LRA. Mtu huyo huteka watoto. Wavulana huwafanya askari, na wasichana huwatoa kuwa wake wa askari. Kisha watazamaji wanaambiwa: jina la mtu huyu lijulikane pote, ili serikali ya Marekani isiache kulisaidia jeshi la Uganda, na Kony akamatwe kabla mwaka haujaisha. Waliombwa kuipeleka filamu kwa rafiki zao, kuwaandikia watu 20 wenye sifa na watu 12 wa siasa, kununua bangili na mabango kwa dola 30, na kuyabandika mabango hayo mijini usiku wa tarehe 20 Aprili. Katika siku 6 tu, filamu ilitazamwa mara milioni 100.

Kwa sababu gani ilikwenda mbio namna hiyo? Sababu ni tatu. Kwanza, shirika lilikuwa limezunguka katika mashule ya Marekani miaka mingi, likionyesha filamu zake nyingine. Basi vijana wengi walikuwa tayari, wakangoja neno tu. Pili, habari ilikuwa nyepesi: mtu mbaya mmoja, mtoto mmoja wa kuhurumia, kazi moja ya kufanya, na siku moja ya mwisho. Tatu, kila mtazamaji alifanywa mtume wa habari: akiisha kutazama, aliweza kuwapelekea wengine palepale, pasipo nauli wala jasho.

Kama filamu ingalieleza taabu za Waacholi tangu mwaka 1986, siasa za serikali, na mipaka ya nchi nne, watu wachache tu wangalifika mwisho wake. Wepesi wa habari ndio uliokuwa miguu ya filamu hiyo. Nao ndio uliokuwa ugonjwa wake.

II. Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ni ya pahali na wakati. Picha nyingi zilikuwa za Gulu katika miaka ile watoto walipotembea kila jioni kwenda kulala mjini, kwa hofu ya kutekwa. Lakini LRA iliondoka Uganda yapata mwaka 2006. Mwaka 2012 watoto wa Gulu walilala kwao. Waliokimbia walikuwa watu wa Dungu, wa Niangara, na wa Afrika ya Kati. Filamu ilisema hayo kwa maneno machache ya kupita. Tena ilitaja watoto zaidi ya 30,000. Hiyo ni hesabu ya miaka zaidi ya 20, na Kony siku zile alibaki na wapiganaji mamia tu. Mtu wa mbali aliyetazama alifikiri jeshi kubwa lingali linaangamiza Uganda.

Kasoro ya pili: wenye kuteswa hawakuulizwa. Tarehe 13 Machi 2012 filamu ilionyeshwa mbele ya watu wengi huko Lira, katika Uganda ya Kaskazini. Watu waliopoteza watoto wao na viungo vyao walitazama, wakakasirika, wengine wakatupa mawe, na maonyesho yakasimamishwa. Waliuliza: mbona tunamwona mzungu na mtoto wake, sisi wenyewe tuko wapi? Na mbona jina la muuaji linaandikwa juu ya nguo na mabango kama jina la mtu mwenye sifa?

Kasoro ya tatu ni nzito kupita zote. Filamu ilitaka askari waongezwe. Lakini kumbuka: wapiganaji wa LRA wenyewe wengi ni watoto waliotekwa. Ukiwapiga risasi waasi, wapiga watoto wa nani? Ndiyo sababu viongozi wa dini wa Waacholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waortodoksi, kati yao Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, walishika njia nyingine: kuzungumza na waasi, na kudai sheria ya msamaha. Sheria hiyo ilitolewa Uganda mwaka 2000, na maelfu ya watu walitoka porini kwa ajili yake.

Sisi wa Kongo tulijua kwa uchungu namna gani vita ya haraka inavyolipwa. Tarehe 14 Desemba 2008 jeshi la Uganda, pamoja na majeshi ya jirani, lilishambulia kambi ya Kony katika Garamba. Kony aliponyoka. Siku ya Noeli na siku zilizofuata, watu wake walilipiza kisasi juu ya vijiji vya Uele: Faradje, Doruma, Duru na vingine. Katika majuma machache waliua watu zaidi ya 865, wakateka watoto wasiopungua 160.

Na tena, hadithi ya mtu mbaya mmoja na watoto wasio na kosa haitoshi. Tumtazame Dominic Ongwen. Alitekwa na LRA alipokuwa mtoto, njiani kwenda shule. Akakulia porini, akawa mkubwa wa askari. Tarehe 4 Februari 2021 Tribinali ya Kimataifa ya La Haye, ile tunayoiita CPI, ilimwona na hatia ya makosa 61, na mwezi wa Mei ikampa kifungo cha miaka 25. Katika kupima kifungo, majaji waliangalia pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeibwa. Ni nani awezaye kusema habari hiyo kwa dakika 30 kwa mtoto mdogo?

III. Je, ilikuwa kazi bure?

Tusihukumu kwa upande mmoja. Askari wapata 100 wa Marekani walitumwa kusaidia msako wa Kony tangu Oktoba 2011, kabla ya filamu. Walibaki mpaka mwaka 2017. Kony hakukamatwa. Mwezi wa Septemba 2025 CPI ilisikiliza mashitaka juu yake pasipo yeye kuwapo. Usiku ule wa 20 Aprili 2012, watu wachache tu walitoka kubandika mabango. Mamilioni waliobonyeza simu hawakuonekana njiani. Mwisho wa mwaka 2014 shirika likatangaza kupunguza sana kazi zake, kwani fedha ilipungua.

Lakini shirika hilohilo lilifanya kazi nyingine isiyo na kelele, na hiyo ndiyo inayotufaa kujifunza. Katika diosezi ya Dungu-Doruma, Tume ya Haki na Amani, pamoja na padri mwenyeji, Padri Benoît Kinalegu, ilikuwa imeanza kuunganisha vijiji kwa radio za kupashana habari. Invisible Children ikasaidia kuongeza radio hizo. Mtu wa kijiji, aliyejua njia na majina, alieleza asubuhi na jioni: waasi wamepita hapa, wamechukua watu hawa, wameelekea kule. Wengine wakapata nafasi ya kukimbia, na habari zikaandikwa na kuhesabiwa.

Thamani ya jambo hilo yaonekana katika mauaji ya Makombo. Kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, LRA iliua pale watu wasiopungua 321 na kuteka 250, kati yao watoto wasiopungua 80. Ulimwengu ulipata kujua habari hiyo waziwazi mwisho wa Machi 2010 tu. Watu zaidi ya mia tatu walikufa, na kwa miezi mitatu karibu hakuna aliyesikia, kwani vijiji havikuwa na simu wala radio. Waliokosekana pale ni mashahidi wenye njia ya kusema, wala si watazamaji.

IV. Kelele na ushuhuda

Tarehe 14 Machi 2012, siku 9 baada ya filamu kutoka, watu wakiwa wangali wanapelekeana habari za Kony, CPI ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa. Ilikuwa juu ya Thomas Lubanga, mkubwa wa UPC huko Ituri, kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake miaka 2002 na 2003. Baadaye akapewa kifungo cha miaka 14. Ni watoto wetu hao, na hukumu ya kwanza ya tribinali hiyo. Lakini ni wachache walioitazama.

Katika kesi ile kuna funzo kubwa. Majaji walikataa kutegemea maneno ya vijana kadhaa waliosema kwamba walikuwa askari, kwani waliona kwamba watu wa kati huenda waliwafundisha la kusema. Labda watu hao walijisemea: shabibu ni njema, uongo kidogo hautadhuru. Kumbe ulidhuru sana. Hukumu ilisimama kwa vithibitisho vingine, kati yao video zilizopigwa wakati ule, ambamo watoto wadogo walionekana waziwazi wamevaa mavazi ya askari, kama katika kambi ya Rwampara.

Basi video yenyewe si adui. Video yenye tarehe, pahali na shahidi anayejulikana yaweza kumhukumu mtu mkubwa. Video isiyo na hayo huwasha moyo tu, kisha huacha moshi.

V. Sisi tufanye nini?

Mtu akikuletea filamu ya vita, umwulize kwanza maulizo manne: Imepigwa wapi? Lini? Na nani? Waliomo ndani wamekubali kuonyeshwa? Kama hajui, asiipeleke mbele. Picha za vita nyingine ao za mwaka mwingine hupita mara nyingi kama habari za leo, na neno moja la uongo laweza kuwatupa watu juu ya jirani zao.

Usionyeshe uso wala jina la mtoto aliyetoka katika jeshi. Filamu haifi. Mtoto atakuwa mtu mzima, atataka kuoa ao kuolewa, na uso wake wenye bunduki utakuwa ungali unazunguka katika simu za watu. Waliomteka nao wana simu.

Ujue sheria, uifundishe. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumwingiza jeshini ao katika kundi la silaha mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Na Kanuni za Paris za mwaka 2007 zaeleza kwamba si yule mwenye bunduki tu. Hata mpishi, mbeba mizigo, mpeleka habari, na msichana aliyefanywa mke, wote ni watoto waliotiwa vitani. Wasichana husahauliwa zaidi, kwani hawana bunduki ya kurudisha.

Uandike. Mtoto akipotea katika kijiji chako, andika jina lake, umri wake, siku, pahali na waliomwona. Uipeleke kwa Tume ya Haki na Amani, si kwa umati wa watu. Daftari la katekista laweza kuwa na nguvu kupita filamu, likiwa la kweli.

Mwisho, uwe tayari kwa siku ya kurudi. Hapo kampeni zote zimekwisha kunyamaza. Mtoto anafika, na majirani wanasema: «Huyu aliua.» Wengine wanasema kweli. Ni nani atakayekaa naye? Huko Dungu, Sista Angélique Namaika aliwakusanya wanawake na wasichana walioteswa na LRA, akawafundisha kusoma, kushona na kuoka mikate, akiwatembelea kwa baiskeli yake. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, baada ya kuifanya kazi hiyo miaka mingi pasipo kutazamwa.

Basi, kijana akikujia na simu yake, usimfukuze wala usimcheke. Mshukuru kwa huruma yake, mwulize maulizo yale manne, kisha umpe kazi iliyo karibu. Katika mtaa wake mwenyewe pengine yuko kijana mmoja aliyetoka porini, ambaye hana hata mtu mmoja wa kumwambia: njoo tule.