Sauti Inapokwaruza: Kuiongezea Uwezo Amplifaya ya Nyumbani

Ni Jumamosi jioni, wageni wamekwisha kula, na mwenye nyumba ataka wacheze. Azungusha kitufe cha volyumu hadi kupita nusu. Ngoma iliyokuwa ikisikika safi yageuka kishindo kikavu, na sauti ya mwimbaji yakwaruza kama bati linaloburutwa. Hata hivyo muziki waendelea hadi usiku wa manane. Asubuhi yake, spika moja haitoi tena sauti nyembamba.

Katika nyumba nyingi lawama huangukia spika. Baadhi ya watu hununua spika nyingine, nazo zikaungua vilevile. Yafaa ieleweke kwamba mkwaruzo ule hauonyeshi nguvu ya chombo. Huonyesha kwamba nguvu yake imekwisha.

Kazi ya amplifaya ni kuchukua mawimbi madogo ya umeme yatokayo kwenye kinanda cha santuri, kaseti au simu, na kuyakuza. Lakini haiwezi kuyakuza kupita volti inazopewa na transfoma yake. Amplifaya ya wati 20 inayoendesha spika ya omu 8 hulazimika kufikisha volti zipatazo 18 kwenye kilele cha wimbi. Ya wati 100 hulazimika kufikisha 40. Wimbi likidai zaidi ya hapo, kilele chake hukatwa, likabaki bapa juu na chini. Kukatwa huko huzaa sauti nyembamba ambazo hazikuwamo katika muziki, nazo humiminikia kwenye twita, ile spika ndogo yenye koili ya waya mwembamba. Ndiyo sababu amplifaya ndogo iliyolazimishwa huweza kuunguza spika ambayo amplifaya kubwa ingeiacha salama.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, yaani kiasi ambacho sikio hutambua bila kustaajabu. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, zahitajika desibeli 10 hivi, na hizo ni sawa na kuzidisha wati mara kumi. Basi mtu anayeuza amplifaya ya wati 30 ili anunue ya wati 60 atakuwa ametoa fedha nyingi kwa faida ndogo. Spika zenyewe zaweza kumsaidia zaidi. Spika inayotoa desibeli 92 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa meta moja, hufanya kwa wati 20 kazi ambayo spika ya desibeli 86 hufanya kwa wati 80. Namba hiyo huandikwa nyuma ya spika nyingi au katika karatasi zake, lakini wanunuzi ni wachache wanaoitazama.

Ama kuhusu yale maelfu ya wati yanayoandikwa kwa rangi ya dhahabu mbele ya redio za bei nafuu, pamoja na herufi PMPO, hayafai kuaminiwa hata kidogo. Mnunuzi na ageuze chombo asome kibandiko cha nyuma. Ikiwa chombo hula wati 60 kutoka kwenye soketi, hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, maana umeme hauzaliwi ndani ya sanduku.

YASIYOHITAJI BISIBISI

Kitufe cha besi ndicho mlaji mkuu. Kukipandisha kwa desibeli 10 ni kudai wati mara kumi kwa sauti zote nzito, hivyo amplifaya ya wati 20, kwa sauti hizo, huwa kana kwamba ni ya wati 2. Anayetaka sauti kubwa hana budi kukirudisha kitufe hicho katikati na kuzima swichi iliyoandikwa "loudness", ambayo ilikusudiwa kwa kusikiliza polepole. Besi iliyopotea yaweza kurudishwa bure kwa kusogeza spika karibu na ukuta au pembe ya chumba.

Waya nao hunyang'anya. Waya mwembamba wa shaba wa milimita mraba 0.5, ukienda meta 10 hadi kwenye spika na kurudi, huwa na upinzani wa karibu omu 0.7, ule wa milimita mraba 2.5 huwa na omu 0.14 tu. Aidha, anayeunganisha spika mbili za omu 8 sambamba upande mmoja huifanya amplifaya ione omu 4, na mkondo huongezeka maradufu. Chombo kisichoandikwa kwamba chaweza kubeba omu 4 kitachemka.

Na kile kitambaa kizuri cha kufuma kinachotandikwa juu ya redio sebuleni, pamoja na chombo cha maua, kiondolewe. Matundu ya juu yametobolewa ili joto lipande na kutoka, nayo amplifaya hutoa joto jingi zaidi inapofanya kazi kwa nguvu.

Umeme wa mtaani wenyewe pia una neno. Volti zikishuka jioni kutoka 230 hadi 190, amplifaya ya transfoma ya kawaida hupoteza karibu theluthi moja ya wati zake. Aliyesikia muziki safi mchana na mkwaruzo usiku asikimbilie kulaumu kaseti.

NDANI YA SANDUKU

Baada ya hayo ndipo fundi aitwe. Cha kwanza kutazamwa ni zile kapasita kubwa zenye umbo la kopo, ambazo huhifadhi umeme kwa ajili ya mapigo mazito ya ngoma. Kwa miaka na kwa joto hukauka. Dalili zake ni mvumo wa chini usiokoma, na besi inayolegea kila sauti ikipandishwa. Mpya ziwe na volti zilezile au zaidi, na za kuhimili joto la nyuzi 105. Uwezo waweza kuongezwa kiasi, lakini kuuzidisha mno hutesa fyuzi na daiodi kila chombo kinapowashwa.

Transfoma nzito zaidi yenye volti zilezile husaidia, kwa sababu volti hazishuki sana muziki unapodai. Yenye volti za juu ni jambo jingine: kapasita na transista zilizochaguliwa kwa volti za chini zaweza kupasuka. Kubadili transista za mwisho peke yake, kazi ambayo baadhi ya mafundi huitoza fedha, hakuongezi wati zilizoandikwa.

Umuhimu wa akiba hiyo ulionekana katika NAD 3020, amplifaya iliyotokea mwaka 1978. Iliandikwa wati 20 kila upande, lakini kwa vipindi vifupi iliweza kutoa takriban mara mbili. Tena ilikuwa na swichi ya kulainisha vile vilele badala ya kuvikata ghafla, na nyuma yake vilikuwapo vipande vya chuma vilivyoweza kuchomolewa ili sauti ipelekwe kwenye amplifaya ya nguvu zaidi. Mwenye chombo chenye njia kama hiyo ana bahati: huongeza kingine bila kuuza cha zamani.

Hata sauti ikiwa safi, masikio yana mpaka wake. Desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kipimo kinachotumiwa na wengi kazini, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Sauti safi huwa na hatari ya pekee, maana haimkeri mtu akaipunguza.

Kazi ya ndani isifanywe na mtoto mwenye bisibisi. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa, na umeme huo hutolewa polepole kupitia rezista, kisha hupimwa kwa mita. Baada ya matengenezo, fundi mwangalifu hakiwashi chombo moja kwa moja, bali hupitisha umeme wake kwanza katika globu ya zamani ya waya, ya wati 60. Globu ikimulika mara moja kisha ikafifia, mambo ni salama. Ikibaki iking'aa, plagi ichomolewe upesi, na kazi ianze kukaguliwa upya tangu kiungo cha kwanza.