Programu Imehamia Wapi?

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Kilo za kila mkulima zimo ndani ya kompyuta. Fundi alimwandikia faili dogo la amri, lile linaloishia na .bat, limfungulie Excel na daftari la mizani kwa mara moja. Kompyuta ikafa. Ikaletwa nyingine, daftari likanakiliwa salama, lakini faili lile linasema programu haionekani. Karani anatoka jasho akidhani fedha za watu zimepotea, na nje wakulima wamekwisha jipanga.

Hakuna kilichopotea. Fundi aliandika anwani kamili ya Excel, na anwani hiyo hubadilika. Office ya mwaka 2010 hukaa katika folda ya Office14. Ile ya 2016 iko Office16. (Namba 13 waliiruka, wenyewe wanajua.) Tena Windows ya biti 64 ina nyumba mbili: Program Files na Program Files (x86).

Dawa ni kumuuliza mwenyeji. Wengi hukimbilia amri ya where, lakini yenyewe hutazama folda uliyomo na zile zilizoorodheshwa katika PATH tu. Excel kwa kawaida haimo humo, kwa hiyo utajibiwa haipo, na kumbe ipo. Mahali pa kuuliza ni kwenye rejista ya Windows. Amri yenyewe redioni haisomeki vizuri, ila gazetini ni hii:

reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\App Paths\excel.exe" /ve

Jibu litakuwa anwani kamili. Ukiitumia, ifunge kwa alama za kunukuu, maana jina Program Files lina nafasi katikati, na bila alama hizo Windows itaishia kwenye neno Program.

Kwa karani wetu hata hivyo ipo njia fupi zaidi, kwani amri ya start huisoma rejista hiyo yenyewe:

start "" excel.exe "D:\Pamba\mizani.xlsx"

Zile alama mbili tupu za mwanzo zisiachwe. Amri ya start huchukua maneno ya kwanza yaliyonukuliwa kuwa jina la dirisha, si kitu cha kufungua.