Manispaa: Neno na Wajibu Wake

Mkulima wa Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, anapopeleka mahindi Mpanda huingia katika eneo la Manispaa. Neno hili tunalitamka kila siku. Je, asili yake ni nini?

Tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata katika Kilatini: municipalis, yaani kitu kinachohusu mji wa aina ya municipium. Ndani yake mna maneno mawili: munia, wajibu, na capere, kutwaa. Basi mwana-manispaa wa asili ni mtu aliyetwaa wajibu.

Lakini wajibu bila madaraka ni utwana. Mwaka 338 kabla ya Kristo, Roma iliwapa watu wa Capua uraia usiokuwa na kura: wajibu wa kupigana vita wakawa nao, sauti ya kuamua hawakuwa nayo.

Nasi tunayo historia yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba miji yaweza kuwanyonya wakulima, kwani mikopo inayojenga mjini hulipwa kwa jasho la vijijini. Halmashauri za miji, zilizovunjwa wakati wa Madaraka Mikoani yaliyoanza mwaka 1972, zilirudishwa mwaka 1978.

Kwa hiyo, ndugu, manispaa si sifa ya lami na maghorofa. Mji unaokula mahindi ya Kabungu, kisha ukamwita mkulima wake mshamba, umetwaa jina na kuukimbia wajibu.