'Kuuawa na polisi' si 'kuuawa kwa polisi': Jinsi neno dogo linavyogeuza habari

UKIPITA kando ya barabara ya Waiyaki kutoka Westlands kuelekea Kangemi na Mountain View, jijini Nairobi, utakutana na vibao vya "To Let" vikining'inia kwenye malango na kuta za nyumba. Wenye mzaha huongeza herufi moja katikati, na nyumba ikageuka msalani.

Maneno hayo mawili ya Kiingereza yana ajabu yake. Umbo lake ni la kutenda, ilhali maana yake ni ya kutendwa, kwani nyumba haimpangishi mtu bali yenyewe ndiyo inayopangishwa. Kibao cha Kiswahili, "Nyumba ya kupangisha", kina tabia iyo hiyo. Lakini kile kibao kingine ambacho Wakenya wamekizoea, "Shamba hili haliuzwi", kimeamua kutumia kauli ya kutendwa waziwazi ili mnunuzi asije akatapeliwa.

Langoni pa nyumba, msomaji hapotei. Ajuaye kusoma atajua kwamba kuna chumba kitupu. Matata huanza pale kitenzi cha kutendwa kinapofuatwa na kihusishi, hasa katika taarifa za polisi, mahakama na vyombo vya habari. Hapo silabi moja inaweza kumfanya aliyeuawa aonekane kuwa ndiye muuaji.

Chukua vichwa viwili vya habari: "Kuuawa na polisi kwazua maandamano" na "Kuuawa kwa polisi kwazua maandamano". Tofauti ni "na" na "kwa" tu. Katika kichwa cha kwanza, polisi ndio walioua. Katika cha pili, polisi ndiye aliyeuawa. Mhariri akiteleza hapo, atakuwa amemlaumu marehemu au kumwondolea lawama aliyefyatua risasi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika kazi za maneno hayo mawili.

"Na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda. Methali ambayo kila mtoto wa shule huikariri imebeba kanuni hiyo mara mbili: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu". Mama ni mtenda. Ulimwengu nao ni mtenda. Waingereza hapo hutumia "by".

"Kwa" ina kazi zaidi ya moja, na ndipo fumbo lilipo. Kwanza, hutaja kifaa au namna: kukatwa kwa panga, kufungwa kwa kamba, kuandikwa kwa kalamu. Pili, kitenzi-jina huwa katika ngeli ya KU, na ngeli hiyo huchukua "kwa" kama kiunganifu cha umilikaji, kama vile "kuimba kwa ndege" au "kuchelewa kwa basi". Hivyo "kuuawa kwa polisi" ni tukio linalomhusu polisi kama mwenye kupatwa nalo. Tatu, "kwa" hutaja mahali pa mtu, kama katika "alipelekwa kwa polisi".

Sentensi moja inaweza kuzibeba kazi hizo pamoja bila kuchanganya mtu: "Kuuawa kwa kijana huyo kwa risasi na polisi kuliwakasirisha wakazi." "Kwa" ya kwanza yaonyesha aliyepatwa, "kwa" ya pili yaonyesha kifaa, na "na" yamtaja mtenda. Ukiyahamisha maneno hayo ovyo, habari yote itapinduka.

Wengi huuliza: mbona husemwa "kugongwa na gari" ilhali gari ni chombo? Na mbona "kuchomwa na mwiba", "kupigwa na radi" au "kusombwa na mafuriko", maneno yaliyosikika sana Nairobi wakati wa mvua kubwa ya Aprili 2024? Kipimo chepesi ni kujiuliza ikiwa lugha inakitazama kitu hicho kama chenye nguvu yake chenyewe, au kama kitu kilichomo mkononi mwa mtu. Mafuriko hayana mwenye kuyashika. Mwiba hujichomea wenyewe. Gari nalo hutazamwa kama lijiendealo. Kisu na rungu husubiri mkono wa mtu. Ndiyo maana "alipigwa na rungu" huchekesha, kana kwamba rungu lilitoka nyumbani lenyewe na kumfuata mtu njiani.

MAHAKAMANI

Kosa linalorudiwa mara nyingi zaidi hutokana na kutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Kiingereza humzungushia mshukiwa vihusishi vingi: hushukiwa kwa "of", hushtakiwa kwa "with", huhukumiwa kwa "to", na huachiliwa kwa "on". Mwanagenzi wa utangazaji aliyezoea kwamba "with" ni "na" huishia kusema "mshukiwa alishtakiwa na wizi". Maana ya maneno hayo ni kwamba Wizi, kama mtu, alikwenda kortini kufungua kesi. Usemi ufaao ni "alishtakiwa kwa wizi" au "kwa kosa la wizi". "Alishtakiwa na" humsubiri mlalamishi au upande wa mashtaka.

Hukumu nayo haihitaji kihusishi: "alihukumiwa kifungo cha miaka mitano". Na dhamana haikaliwi juu yake kama kiti. Mtu "huachiliwa kwa dhamana".

Lipo pia neno "kupatikana", ambalo si la kutendwa bali la kutendeka. Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda. Husemwi "kikombe kilivunjika na mtoto", bali "kilivunjwa na mtoto" au "kilivunjika" basi. Kwa hiyo "na" katika "alipatikana na hatia" au "alipatikana na bangi" si ya mtenda. Ni ya kuwa na kitu. Ndiyo maana "kijana alipatikana na polisi" ni sentensi ya hatari. Mwandishi huenda alikusudia kusema polisi ndio waliomkuta, lakini msomaji makini ataelewa kwamba kijana alikutwa akiwa pamoja nao.

Haya si mapambo ya sarufi tu. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inataja, katika kifungu cha 7, Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila kulipishwa.

Haki zenyewe zimeandikwa kwa wingi katika vitenzi vya kutendwa: kufikishwa mbele ya mahakama kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia wakati ambapo korti haziketi, kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya kadiri ikiwa hakuna sababu nzito ya kuzuia, kuelezwa mashtaka, kuwakilishwa na wakili. Mkalimani akimwambia mshtakiwa kwamba ana haki ya "kuwakilishwa kwa wakili", mtu huyo aweza kudhani kwamba atapelekwa ofisini kwa mtu fulani, asijue kwamba kuna wa kumsemea.

KIHUSISHI NDANI YA KITENZI

Tofauti kubwa zaidi baina ya lugha hizi mbili, hata hivyo, haimo katika "na" wala "kwa". Kiingereza mara nyingi hukiacha kihusishi kikining'inia nyuma ya kitenzi cha kutendwa: "to be paid for", "to be talked about", "to be rained on". Kiswahili hakiachi kitu nyuma. Hukichukua kile ambacho kihusishi kingesema na kukitia tumboni mwa kitenzi, kwa kiambishi cha kauli ya kutendea, kisha hufunga kwa "-w-" ya kutendwa. Ndipo tunapopata kulipiwa, kuzungumziwa na kunyeshewa.

Silabi hiyo moja ina thamani ya pesa. Mwanafunzi "aliyelipwa" alitia fedha mfukoni. Mwanafunzi "aliyelipiwa" karo alitolewa fedha na mwingine. Mpangaji wa Mountain View akiambiwa "utalipwa" na akiambiwa "utalipiwa kodi", hajaahidiwa jambo moja. Vivyo hivyo, barua "huandikwa" lakini mtu "huandikiwa" barua. Mashtaka "husomwa" lakini mshtakiwa "husomewa" mashtaka.

Asiyeijua njia hii huunda sentensi ndefu zenye kuchechemea, kama "jambo la kuongelewa kuhusu" au "karo yake ililipwa kwa ajili yake". "Jambo la kuzungumziwa" na "alilipiwa karo" yatosha.

Kilele cha uwezo huu ni neno "kufiwa". Kitenzi "kufa" hakina mtendwa, kwani afaye hamfanyi mtu kitu. Hata hivyo Kiswahili husema "amefiwa na baba", yaani kifo cha baba kimemwangukia yeye aliyebaki. Huyo anayetajwa baada ya "na" ndiye marehemu. Kiingereza hulazimika kutafuta neno jingine kabisa ili kuisema huzuni hiyo, nacho Kiswahili huisema kwa kuongeza silabi moja.

Kwa mwandishi, mtangazaji na mkalimani, basi, zipo hatua tatu za kufuata kabla ya kuitoa sentensi ya kutendwa. Kwanza, amtafute mtenda na kumpa "na". Pili, akitafute kifaa, namna au kosa na kukipa "kwa". Tatu, ikiwa Kiingereza kilichomo kichwani kina kihusishi kinachoning'inia mwishoni, ajiulize kama kauli ya kutendewa haikitoshelezi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole huumia peke yake. Aliyeandika "na" pahali pa "kwa" katika habari ya kifo huwaumiza jamaa wa marehemu, ambao kesho yake watasoma gazetini kwamba mtu wao ndiye aliyeua.