Plombaje Haina Risasi

Hapa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, jino lililozibwa kwa madini ya kijivu huitwa jino la plombaje, na maadamu neno hilo limezaliwa na jina la Kifaransa la madini ya risasi, watu wazima wenye akili timamu huamini kwamba wamebeba risasi vinywani mwao. Jina hilo limeniudhi miaka mingi, kwani ndani ya kizibo kile hamna risasi hata chembe: mna fedha, bati na shaba, wakati mwingine na zinki kidogo, vyote vikiwa vimefungamanishwa na zebaki, ambayo peke yake hukaribia nusu ya uzito. Jina likikosewa, hofu nayo hupotea njia. Hukiogopa kizibo kilichokwisha kuganda, ikasahau kiganja kilichokikanda na jaa lililopokea mabaki yake.

Zebaki katika joto la kawaida la chumba ni majimaji, nayo hutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo ukivutwa kwa pumzi, takriban sehemu 80 katika 100 husalia mwilini, ilhali tone likimezwa, tumbo hupokea kiasi kidogo mno.

Niliwahi kumtazama mganga mmoja wa meno, katika chumba ambacho dirisha lake halikufunguka, akisaga unga wa madini pamoja na zebaki kwa kinu na mchi, kisha akaukanda mchanganyiko ule katika kiganja kitupu kama mtu afinyangaye tonge la bukari, ugali wetu, akaukamua kwa kitambaa, na matone ya ziada yakabiringika sakafuni kama shanga za fedha, hata akaja kijana na ufagio wake. Ufagio ule ulilivunja kila tone likawa mamia, na kila kijitone kikawa chemchemi mpya ya mvuke.

Walakini ajabu kubwa imo katika kile kiganja. Zinki hutiwa katika madini ya meno kwa sababu, wakati wa kuyayeyusha, huinyakua oksijeni kabla haijawaharibu wenzake. Lakini tabia hiyo iliyoifaa tanurini huigeukia kinywani, kwani ikikutana na jasho la mkono au mate kabla kizibo hakijaganda, huyanyang'anya maji oksijeni yake, na haidrojeni iliyoachwa huru hukusanyika ndani ya madini, isipate pa kutokea. Siku ya kwanza mgonjwa hulala salama. Baada ya siku 3 au 4 kizibo huanza kuvimba, kikainuka juu ya ukingo wa jino na kulikandamiza kwa maumivu, naye huilaani risasi isiyokuwamo. Sisi majirani wa Kipushi, ambako zinki imechimbwa tangu zama za wakoloni, tulistahili kuwa wa kwanza kuijua tabia hii. Mkono mtupu, basi, humdhuru tabibu kwa zebaki, na humdhuru mgonjwa kwa jasho.

Njia ya salama si siri: kapsuli iliyofungwa, yenye vipimo tayari, itikiswe kwa mashine; mikono ivae glavu; dirisha liwe wazi; jino likaushwe na kuzungushiwa pamba. Tone likianguka, likusanywe kwa karatasi ngumu au bomba la sindano, na chembe za mwisho kwa utepe wa gundi. Kizibo cha zamani kilicho kizima kisiondolewe kwa hofu tu, kwa kuwa kukichimba huzusha mvuke zaidi. Kikilazimika kutoka, kitoke kwa maji mengi na mfyonzo wenye nguvu.

Mkataba wa Minamata, unaoitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhuriwa na samaki wenye zebaki ya kiwandani, ulipitishwa mwaka 2013 ukaanza kazi tarehe 16 Agosti 2017; na marekebisho ya 2022 yakataka matabibu waache zebaki ya chupa, na watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanyonyeshao waepushwe na vizibo hivi, ila tabibu akiona kwamba mgonjwa anavihitaji kwa lazima. Umoja wa Ulaya umevipiga marufuku tangu Januari 2025, isipokuwa kwa ulazima kama huo.



Linalonisikitisha ni kwamba mji uliozoea vumbi la migodi huyaona mabaki ya jino moja kuwa si kitu, yakamwagwa katika sinki au kuchomwa pamoja na pamba zenye damu, moto ukairudisha zebaki hewani, na mvua ikaishusha katika ardhi ambamo tumechimba visima vyetu. Dawa yake ni chupa moja yenye kifuniko cha kukaza, iliyoandikwa jina la kilichomo. Ukifungua kinywa mbele ya tabibu wako, usimwulize habari za risasi; mwulize kwa adabu, "Dokta, zebaki inayobaki mnaiweka wapi?", nawe ungoje akuoneshe chupa.