Gari Linapogugumia Baada ya Kutiwa Mafuta

Mama apelekaye watoto madrasa huijua sauti ya gari lake. Likianza kugugumia na kutetemeka mara tu baada ya kutiwa petroli, asiilaumu injini kwanza, ayashuku mafuta.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi, ambako pampu huvuta. Fundi na achote mafuta kidogo katika chupa safi ya kioo, ayaache yatulie: maji yakiwamo, yatajitenga chini. Mafuta ya taa hayajitengi. Dalili zake ni injini kugonga na kupungukiwa nguvu. Gari lizimwe, tangi likaushwe, chujio litazamwe. Risiti ihifadhiwe, na malalamiko yafikishwe EPRA, mamlaka inayosimamia mafuta nchini.

Hata hivyo, tusimdhanie muuzaji vibaya kabla ya uchunguzi, kwani maji ya mvua huweza kupenya matangi ya kituo. Lakini akijua kisha akanyamaza, amefanana na yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake, akakuta unyevu chini, akamkemea kwa kuuficha. Aibu ya bidhaa hubainishwa kabla ya bei kupokewa.