Kiti Kisicho na Mji

Anayetaka kumwona Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania hana budi kuuliza kwanza ametoka dayosisi gani. John Sepeku, wa kwanza kushika cheo hicho mwaka 1970, alikuwa askofu wa Dar es Salaam. Aliyemfuata, Musa Kahurananga, alitoka Western Tanganyika. John Ramadhani alikuwa wa Zanzibar na Tanga, Donald Mtetemela wa Ruaha, na Maimbo Mndolwa, aliyeshika uongozi mwaka 2018, ni wa Tanga. Wakenya wana kiti kilichotulia Nairobi, na tangu 2002 Askofu Mkuu wao ana dayosisi yake ya All Saints. Kwa hiyo wapo wanaouona utaratibu wa Tanzania kuwa wa kubahatisha. Kwa maoni yangu, kiti hicho kimehamahama kwa sababu Kanisa lenyewe lilizaliwa na wazazi wawili wasioelewana.

Pwani ilihubiriwa na shirika la kimisionari la UMCA, watu wa uvumba, kitubio na kanzu za heshima. Dodoma na sehemu kubwa ya bara ilihubiriwa na shirika jingine, CMS, wanaoweka mahubiri mbele ya madhabahu. Tofauti hiyo haikuwa ya mavazi tu. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa wamisionari huko Kikuyu, Kenya, ambako Waanglikana walishiriki meza ya Bwana na Waprotestanti wengine, Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Mashtaka yalipelekwa kwa Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury. Hakumhukumu mtu, alitafuta ushauri, na jibu lake la mwaka 1915 halikumridhisha Weston. Dayosisi zilizorithi ugomvi wa namna hiyo zisingekubali kwa urahisi kiti kijengwe upande mmoja milele.

Itasemwa kwamba kiongozi asiye na mji hana meno: ana dayosisi yake ya kuhudumia, na ndani ya dayosisi ya mwenzake hawezi kuamuru kama bosi. Ni kweli, na mgogoro ukizuka udhaifu huo huuma. Lakini huyo Davidson alikuwa na kasri la Lambeth, London, na kiti cha karne kumi na tatu, na bado hakuweza kumnyamazisha askofu mmoja wa Unguja.